Kunguni nyumbani, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina vyumba saba vya kupangisha Pasua, Moshi. Dada yangu ana vingine vitano Arusha, upande wa Sakina. Sisi wawili tumepambana na kunguni mara nne, na mara mbili kati ya hizo tulishindwa kwanza. Wapangaji, majirani na watu wa jumuiya wameshajua, basi simu haziishi. Maswali ni yaleyale, na wengi huyauliza kwa kunong'ona. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili mtu asikae na aibu miezi mitatu huku wakizaliana, wala asije akachoma nyumba kwa hasira.

Naamka na vipele. Nitajuaje kama ni kunguni, si mbu wala viroboto?

Vipele peke yake havitoshi. Mke anavimba mstari mzima mkononi, mume aliyelala ubavuni mwake hana hata alama. Wengine huanza kuwashwa siku kadhaa baada ya kuumwa, hata wiki mbili. Viroboto hupenda miguu, chini ya magoti. Kunguni huuma popote palipo wazi: shingoni, mikononi, mgongoni.

Ushahidi utafute kitandani. Amka saa tisa usiku, washa tochi ya simu, nyanyua godoro. Angalia mishono na pembe zake, kisha chaga moja moja, hasa pale zinapokalia mbao ya pembeni, na matundu yote ya misumari. Mimi mara ya kwanza niliwakuta kwenye chaga ya tatu kutoka kichwani. Msumari ulikuwa umeng'oka zamani, na ndani ya tundu lake walikuwa wamejibana wanane, wakubwa kwa wadogo, bila nafasi ya kupitisha uzi. Ukingoni mwa tundu palijaa vidoa vyeusi kama mtu amegusagusa mbao kwa ncha ya kalamu ya wino.

Vidoa hivyo ndivyo vya kuvijua. Lowesha pamba, futa. Kikichuja rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, hicho ni kinyesi cha kunguni, yaani damu yako iliyokwisha kusagwa.

Mkubwa ana milimita 5 hadi 7, bapa, wa kahawia. Akishiba huvimba na kuiva wekundu. Aliyeanguliwa leo ana kama milimita 1.5 na karibu hana rangi, ndiyo maana watu huapa kwamba hawaoni kitu. Yai ni jeupe, milimita 1, limegandishwa kwenye mbao na halitoki kwa kupuliza.

Mimi ni mtu msafi. Wametoka wapi?

Usafi hauna kesi hapa. Kunguni hafuati takataka, anafuata joto la mwili na hewa tunayoitoa puani. Anasafiri kwa begi, kwa sanduku la mwanafunzi wa bweni, kwa godoro la kuazima, kwa kochi lililonunuliwa kwa mtu anayehama. Vijana wanaopandisha wageni mlimani wanalala mahali pengi na watu wengi, mabegi yamerundikwa pamoja. Nguo za mitumba za Memorial au Kiboriloni si tatizo kubwa kama utaziloweka kwenye maji ya moto kabla hazijaingia kabatini. Kitanda na kochi la mkononi ndivyo vya kuviogopa.

Halafu kuna Desemba. Sisi huku tunaijua: ukoo mzima unapanda Marangu, Kibosho, Rombo, watu ishirini nyumba moja, magodoro yamekusanywa kutoka kwa majirani. Baada ya mwaka mpya kila mmoja anarudi mjini na begi lake. Simu ninazopigiwa Januari na Februari zinazidi za miezi mingine yote.

Wanaambukiza magonjwa?

Hapana, hawajathibitika kuambukiza binadamu ugonjwa wowote kwa kuuma. Ila kujikuna kunaleta vidonda, vidonda vinaoza, na mtoto anayenyonywa na kunguni wengi kila usiku anaweza kupungukiwa damu. Kukosa usingizi pia ni madhara. Nimeona mpangaji wangu akilala mezani kazini.

Nasikia chandarua ndicho kinacholeta kunguni. Nikivue?

Usikivue. Malaria inaua, kunguni hawaui. Uvumi huu una chanzo chake, lakini umegeuzwa. Dawa iliyomo kwenye vyandarua iliwahi kuwaua kunguni pia, na watu walifurahi. Baadaye kunguni wakaizoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka vijiji vya Tanzania vilivyotumia vyandarua vyenye dawa ulionyesha jambo hilo: kunguni wa huko hawakuwa wakifa kama zamani. Kwa hiyo mtu akiwaona wametulia kwenye mikunjo ya chandarua anafikiri wamekuja nacho. Wamejificha tu humo kama wanavyojificha kwenye pazia. Kiloweke, kifue, kikaushe kivulini, kirudishe.

Nimewaona usiku huu. Nifanye nini kabla ya kukucha?

Lala palepale. Najua ni vigumu kukubali. Ukihamia sebuleni watakufuata kwenye kochi, na kochi ni gumu kusafisha kuliko kitanda. Ukihamia kwa watoto, umewapelekea watoto. Toa shuka, badili, wakamate unaowaona kwa selotepu pana au kitambaa cha maji ya sabuni, vuta kitanda kiachane na ukuta, ulale. Usipulize dawa ya mbu ya kopo. Ile inawatawanya: waliokuwa chaga mbili wanaingia ukutani, kwenye soketi na chumba cha pili.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Chukua Jumamosi nzima na mtu wa kukusaidia. Jiko la mkaa liwe linachemsha maji mfululizo tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu silaha yako kubwa ni joto. Kunguni na mayai yake hawavumilii nyuzi 50. Maji yanayochemka, hata kwa mwinuko wa Arusha ambako yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, yanawaua papo hapo.

Nguo, shuka, pazia na chandarua vitie kwenye viroba mkiwa bado ndani ya chumba, mfunge midomo, ndipo mtoke. Mama mmoja jirani yangu alivibeba mikononi akapita navyo sebuleni hadi bafuni. Wiki tatu baadaye sebule nayo ilikuwa yao. Nguo na shuka ziloweke nusu saa kwenye maji yasiyoshikika kwa mkono, kisha fua kama kawaida. Maji ya baridi na sabuni hayaui mayai. Chandarua chenye dawa usikichemshe: kiloweke maji ya baridi ya sabuni usiku kucha chote kikiwa kimezama, kisha kikague mkunjo kwa mkunjo.

Kitanda kifunguliwe chote, kwa spana, hadi kibaki mbao zimelala uani kwenye sakafu ya saruji. Hapa watu wanafanya uvivu, na hapa ndipo wanaposhindwa. Mimina maji kwa birika, mkondo mwembamba, polepole, kwenye kila kiungo, kila tundu la skrubu, kila ufa, nyuma ya ubao wa kichwani. Utawaona wakielea. Vitanda vya chuma navyo vina mabomba yaliyo wazi miishoni: mimina humo ndani, kisha ziba.

Godoro lisuguliwe mishono yake kwa brashi na maji ya moto ya sabuni, lianikwe likauke kabisa, halafu fundi cherehani alishonee gunia la kitambaa kizito lenye zipu upande mmoja. Waliobaki ndani hawatatoka na wa nje hawatapata pa kujificha. Usilivue hilo gunia mwaka mzima.

Ndani ya chumba tafuta mikunjo ya pazia, nyuma ya kalenda na picha za ukutani, pembe za dari, kitambaa cheusi kilichoshonwa chini ya makochi, droo za kabati, begi lililokaa chini ya kitanda. Soketi usizitie maji: zima umeme kwanza, fungua kifuniko, safisha kwa brashi kavu. Nyufa za ukuta ziba kwa puti au lipu, halafu paka chokaa. Nyumba za mabanzi zinataka uvumilivu zaidi, maana kila ubao ni nyumba ya kunguni.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia mimi: futa vidoa vyote vya zamani, kwangua maganda na mayai yote unayoyaona. Usipofanya hivyo, baada ya mwezi utaona kidoa usijue ni cha jana au cha mwaka jana.

Kazi hii unairudia siku ya 10 na siku ya 20. Moshi kwenye joto yai linaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Arusha Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi ile ya kuvaa koti ndani, linaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu, hivyo sogeza marudio yako na ongeza moja.

Jua la Moshi halitoshi? Bibi yangu alikuwa anaanika godoro tu.

Linasaidia, halimalizi. Juu ya godoro panaungua, ndani sponji inabaki na ubaridi, na kunguni wanashuka upande wa kivuli. Kwa viatu, mabegi na vitabu jua linafaa ukivifunga ndani ya nailoni nyeusi na kuiweka juani tangu asubuhi hadi alasiri, siku kadhaa, ukiigeuza. Mwenye friza ya kugandisha nyama anaweza pia kufungia vitu vidogo humo siku nne mfululizo kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Vitie kwenye mfuko kwanza.

Nimepuliza dawa mara tatu na bado wapo. Dawa ni feki?

Huenda ni feki, huenda ni nzima. Dawa nyingi za dukani ni za kundi lililotengenezwa kwa kuiga pareto, lile ua letu la nyanda za juu, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Si jambo geni kwao: DDT yenyewe walianza kuishinda miaka ya 1940. Tena dawa nyingi haziui mayai. Unapuliza leo, mayai yanaanguliwa Jumatano ijayo, wewe unadhani wamekuja wapya.

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake yako hapa hapa kwetu, Ngaramtoni, Arusha. Soma kibandiko: kiandike kwamba inafaa ndani ya nyumba na kwa kunguni, kikitaja kiasi cha kuchanganya. Kama kundi moja limeshindwa, omba kundi jingine. Kuzidisha kipimo cha ileile hakusaidii. Puliza kwenye nyufa na viungo baada ya maji kukauka, watoto wakiwa nje, na msirudi mpaka muda ulioandikwa uishe.

Ukiita watu wa kupuliza, waulize wanatumia dawa gani, na watarudi mara ngapi. Anayesema "mara moja tu mama, wameisha" mwache aende zake. Kijana mmoja alinichukulia pesa yangu kwa maneno hayo.

Vipi mafuta ya taa, petroli, dawa ya josho au vidonge vya kuhifadhia mahindi?

Hapana kwa vyote, na naomba usome mpaka mwisho. Petroli na mafuta ya taa kwenye godoro ni moto unaosubiri kibiriti au mshumaa umeme ukikatika. Dawa ya josho na dawa za shambani zinapita kwenye ngozi, na mtoto anayelala saa nane juu ya kitanda kilichopuliziwa hivyo anaweza kufa. Vidonge vya mahindi ndivyo vibaya kupita vyote: vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua watu, na gesi hiyo inapita chini ya mlango na kwenye dari hadi chumba cha jirani. Kama mtu katika nyumba yenu ameviweka, toeni watu wote nje sasa hivi, milango ibaki wazi, na anayetapika au kubanwa kifua apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Na majani ya maharage? Mama mkwe anasisitiza.

Mama mkwe hajakosea. Nchi za Balkani kama Bulgaria na Serbia walikuwa wakitandaza majani ya maharage kuzunguka kitanda usiku, asubuhi wanayafagia na kuyachoma pamoja na kunguni waliokwama. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza sababu: jani lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, vinatoboa miguu ya kunguni naye anashindwa kujinasua. Kilimanjaro maharage hayatupi shida. Yatumie kupunguza, lakini mayai yaliyo kwenye chaga hayatembei, kwa hiyo kazi ya birika iko palepale.

Nitupe godoro na kitanda?

Mara nyingi hakuna haja, na utanunua kipya kilale ndani ya chumba chenye kunguni walewale. Ukiamua kutupa, lichane kwa kisu na uandike KUNGUNI kwa rangi. Mimi sikufanya hivyo. Niliegemeza godoro nje ya geti, mlinzi wa nyumba ya pili akaliona bado zuri, akalichukua. Sikumwambia kitu kwa sababu niliona haya. Miezi miwili baadaye chumba changu cha mwisho, kinachoshirikiana ukuta na kibanda chake, kilikuwa nao tena, na yeye alikuwa na mikono yote imechubuka. Nilikwenda kumwomba radhi na tukasafisha kibanda chake pamoja. Hiyo ndiyo iliyonifanya niache kunong'ona.

Nyumba ya kupanga: nani alipe, na jirani asipokubali?

Mimi ni mwenye nyumba na nasema mwenye nyumba alipe dawa na puti, mpangaji atoe nguvu zake. Ukimtishia mpangaji kumfukuza, atawaficha, na akihama anawaacha ukutani. Vyumba vyote vinavyogusana kuta vifanyiwe kazi siku moja, hata kama chumba cha tatu kinasema hakina. Asiyekubali mwendee na kopo lenye kunguni wawili ndani. Maneno yanabishaniwa, mdudu habishaniwi.

Kuacha chumba kitupu mwezi mmoja wakafie njaa hakusaidii. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, na kwenye baridi ya Arusha zaidi.

Sasa swali kuu: nitajuaje wameisha?

Watu wengi wanasema wameisha siku waliyolala bila kuwashwa. Hapo ndipo mimi na dada yangu tuliposhindwa mara mbili. Kutowashwa wiki mbili kunaweza kumaanisha wakubwa wamekufa na mayai bado. Kuisha kunahesabiwa, na kunahesabiwa kwa makopo.

Tafuta makopo manne mapana, ya rangi au ya maziwa ya unga. Kila mguu wa kitanda usimame ndani ya kopo. Tia maji ya sabuni vidole viwili, na ukingo wa ndani uwe mkavu umepakwa poda ya mtoto. Kunguni wa nchi za joto anajua kupanda hata vitu laini, poda inamtelezesha. Kitanda kisiguse ukuta, shuka lisiburute chini, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Sasa njia ya kukufikia ni moja, na inapita kwenye kopo. Anayetoka ukutani kuja kula anaanguka, na anayetoka kitandani kwenda ukutani anaanguka.

Tandika shuka jeupe. Na ulale humo, kila usiku. Wewe ndiye chambo; chumba kisicholaliwa makopo yake yatakuwa matupu hata kama ukuta umejaa.

Kila Jumamosi kagua makopo, mishono ya gunia la godoro, viungo vya kitanda na shuka, uandike kwenye kalenda. Hesabu inaanza siku ulipomwona kunguni hai au kidoa kipya kwa mara ya mwisho. Akionekana mmoja, hata mdogo asiye na rangi, unarudi sifuri na kufanya kazi ya birika tena. Moshi mimi nahesabu wiki 8. Arusha dada anahesabu 12 kama miezi ya baridi imo ndani yake. Sababu ni maisha yake: yai lianguliwe, mtoto apite hatua tano, kila hatua akihitaji damu, mpaka awe mkubwa. Kwenye joto hiyo ni kama wiki 5 hadi 8, na katika muda wote huo hawezi kukua bila kukujia. Wiki 8 za makopo matupu na shuka jeupe lisilo na doa, hapo sema wameisha.

Wiki ya sita, makopo matupu, lakini bado nawashwa. Wapo?

Mpangaji wangu mmoja, binti wa chuo, alinijia analia. "Shikamoo mama. Nahisi wanatembea." Nikamwitikia, tukaingia chumbani kwake, tukafungua kila kitu saa nzima na tochi mbili. Hapakuwa na kitu. Ngozi iliyoumwa miezi inabaki na hofu, kila unywele ukigusa shuka unaruka. Nilimwonyesha kalenda yake: Jumamosi sita, duara sita. Usimcheke mtu wa hivi wala usimpulizie dawa nyingine ili atulie. Kagua naye. Vipele vipya vikiendelea na makopo ni matupu, mpeleke kwa daktari wa ngozi, maana upele una vyanzo vingi, pamoja na ukurutu na upele wa kuambukizana.

Nimeona ganda. Wamerudi?

Ganda tupu la kujivua au la yai linaweza kukaa kwenye ufa miezi mingi. Halianzishi hesabu upya. Kilicho hai na kidoa kinachochuja kwenye shuka la wiki hii ndivyo vinavyoianzisha.

Tunakwenda nyumbani Desemba. Tufanyeje tusirudi nao?

Begi lisilale chini wala kitandani: litundike msumarini, au lifunge ndani ya nailoni. Kabla hujatandika godoro la kuazima, pitisha tochi kwenye mishono yake, dakika mbili tu, mwenyeji hata hatajua. Ukirudi mjini, fungulia begi uani, nguo zote moja kwa moja kwenye maji ya moto, begi juani.

Hesabu imeisha. Makopo niyatoe?

Wapangaji wangu wengi huyatoa, wanasema yanaharibu sura ya chumba. Chumbani kwangu bado yapo, chini ya kitambaa cha kitanda ambapo hayaonekani, na kila Jumamosi nikibadilisha shuka nainama nayaangalia.